Yai la Mwanamke: Safari Ianzayo Kabla Hajazaliwa

Na Mwandishi Wetu

Ndoa ikitimiza mwaka wa pili bila ya mtoto, katika nyumba zetu nyingi maneno huanza. Kwanza huja kwa mzaha, shangazi akiuliza, "Mbona hamtuletei mgeni?" Kisha mzaha hugeuka minong'ono, na minong'ono hugeuka vikao. Aghalabu vikao hivyo huwa na mshtakiwa mmoja tu, naye ni mke. Ataulizwa alikula dawa gani za kupanga uzazi alipokuwa msichana. Ataulizwa kwa nini alisoma mpaka umri ukasogea. Wengine watamtajia majina ya waganga. Mume huketi upande wa mahakimu.

Makala haya hayakusudii kuamua kesi za watu. Yanakusudia kueleza jambo ambalo, lau lingefahamika vyema, kesi nyingi za namna hiyo zisingefunguliwa kabisa. Nalo ni jinsi yai la mwanamke liumbwavyo, lisubirivyo na lipevukavyo hata likawa tayari kupokea mbegu ya mwanamume. Safari hiyo ni ndefu kuliko tunavyodhani, na sehemu kubwa ya safari hiyo haimo mikononi mwa mwanamke mwenyewe.

LIMEUMBWA TUMBONI MWA BIBI

Kwa karne nyingi watu wa mataifa mbalimbali waliamini kwamba mwanamume hupanda mbegu, naye mwanamke ni shamba tu la kuipokea. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki ya kale alifundisha karibu hivyo hivyo. Mwaka 1672 tabibu wa Kiholanzi, Regnier de Graaf, alieleza vivimbe vyenye majimaji alivyoviona katika ovari, akadhani kuwa vivimbe hivyo ndivyo mayai yenyewe. Dunia ilingoja hadi mwaka 1827, ndipo Karl Ernst von Baer alipoliona yai halisi la mnyama anyonyeshaye, alipokuwa akichunguza ovari za mbwa kwa hadubini.

Si ajabu kwamba lilijificha muda wote huo. Yai la mwanamke lina upana wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama nukta iliyowekwa kwa penseli iliyochongwa vizuri. Hata hivyo, ni miongoni mwa chembe hai kubwa kabisa katika mwili wa binadamu. Mayai hayo hukaa katika ovari mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi, na kila ovari hukaribia ukubwa wa lozi.

Sasa hebu tuziangalie hesabu, maana ndizo zinazowashangaza wengi. Mimba ya mtoto wa kike ifikapo kiasi cha miezi mitano, ovari za mtoto huyo aliye tumboni huwa na mayai machanga yapatayo milioni 6 hadi 7. Hapo ndipo idadi hufika kileleni. Tangu siku hiyo hakuna kuongezeka, kuna kupungua tu. Azaliwapo, huwa yamebaki milioni 1 hadi 2. Avunjapo ungo, hubaki kiasi cha 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote ya uzazi, yatakayopevuka kabisa na kutoka ni kama 400 au 500 hivi. Mengine yote hunyauka kimya kimya, bila ya maumivu na bila ya mwenyewe kujua, hadi afikapo ukomo wa hedhi, aghalabu kati ya umri wa miaka 45 na 55.

Maana yake ni nini? Mama mjamzito aliyebeba mtoto wa kike amebeba pia, ndani ya mtoto huyo, mayai ambayo huenda siku moja yakawa wajukuu wake. Nawe, ndugu msomaji, lile yai lililokuwa mwanzo wako liliumbwa mama yako akiwa bado tumboni mwa bibi yako mzaa mama. Kama bibi huyo alikuwa akilima, akisafiri au akistahimili mwaka wa njaa, nusu yako ilikuwamo safarini pamoja naye.

Mwanamume mambo yake ni mengine. Kiwanda chake cha mbegu hufunguliwa anapobalehe, nacho huendelea na kazi hadi uzeeni. Kila mbegu huchukua kiasi cha miezi miwili na nusu kutengenezwa, na kila siku hutoka mpya kwa mamilioni. Hapa ndipo penye tofauti kubwa baina ya wazazi hawa wawili: mbegu ya baba ina umri wa miezi, ilhali yai la mama lina umri sawa na wa mama mwenyewe, na miezi kadhaa zaidi.

USINGIZI WA MIAKA MINGI

Kila chembe ya kawaida ya mwili wetu ina kromosomu 46, ambazo ni kama nyuzi zilizoandikwa maagizo ya kuujenga mwili mzima. 23 zimetoka kwa baba na 23 kwa mama. Kama yai lingekuja na 46 na mbegu nayo ikaja na 46, kiumbe angepata 92, naye asingeweza kuishi. Kwa hiyo yai na mbegu havina budi kupunguza kromosomu zake zibaki nusu. Kupunguza huko ndiko kiini cha kupevuka kwa yai. Mengine yote ni maandalizi yake.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba yai huianza kazi hiyo mapema mno, kabla msichana hajazaliwa, kisha husimama katikati. Kromosomu hujipanga mbili mbili, ile iliyotoka kwa baba wa msichana kando ya ile iliyotoka kwa mama yake. Hushikamana, hubadilishana vipande, na zikiisha kubadilishana hulala zikiwa zimeshikana hivyo hivyo. Usingizi huo hudumu kiasi cha miaka 12 kwa yai litakalotoka mapema, na miaka 40 na ushei kwa yai litakalochelewa. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili la kushikana, kwani tutalihitaji tutakapofika kwenye habari ya umri.

Yai halilali peke yake. Limezungukwa na tabaka la chembe nyingine ndogo, ambazo tunaweza kuziita walezi, na yai pamoja na walezi wake ndio hufanya kifuko kimoja. Walezi hawa hulilisha yai kwa vijimkono vyembamba mno vinavyopenya hadi ndani yake. Wao hao ndio wanaolipelekea yai ishara za kulizuia lisiamke kabla ya wakati, kama yaya anayembembeleza mtoto mchana wa joto.

Kila siku, tangu utotoni hadi ukomo wa hedhi, vifuko kadhaa huanza kukua. Haijalishi kwamba mwanamke ni mjamzito, ananyonyesha au anameza vidonge. Tangu kifuko kianze kukua hadi yai lake liwe tayari kutoka, hupita miezi mingi, na hatua za mwisho pekee huchukua karibu miezi mitatu. Katika muda huo yai lenyewe hunenepa. Hujiwekea akiba ya chakula na ya maagizo yatakayomwendesha kiumbe katika siku zake za mwanzo, na hulimbikiza mitokondria kwa maelfu mengi, yaani vile vijitanuri vidogo vya kutengeneza nguvu ndani ya chembe. Mitokondria za mtoto, awe wa kiume au wa kike, hutoka kwa mama. Tena yai hujijengea ganda jororo, linaloangaza kama kioo, ambalo baadaye litakuwa mlango na ukuta kwa pamoja.

Kwa hiyo wale wadhanio kwamba yai la mwezi huu limetengenezwa mwezi huu wamekosea sana. Lilianza kukua miezi mingi iliyopita, huenda mwaka jana, na kabla ya hapo lilikuwa limelala kwa miaka.

MGAWO UNAPOPUNGUZWA

Kila mwezi, hedhi inapokaribia na kuanza, kundi la vifuko vilivyokwisha kukua huwa limefika mahali pasipoweza kuendelea bila ya msaada kutoka juu. Msaada huo ni homoni itolewayo na tezi ya pituitari, tezi ndogo kama punje ya mbaazi iliyoning'inia chini ya ubongo. Tuiite homoni ya kukuza vifuko. Mwanzoni hutolewa ya kutosha, na vifuko vyote vya kundi hilo hustawi.

Lakini vifuko navyo hutengeneza homoni zao, hasa ile iitwayo estrojeni, na homoni hizo zifikapo kwenye ubongo na tezi yake hupeleka habari kwamba chakula kimetosha. Tezi hupunguza mgawo. Wasomaji wenye umri wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, tulipopanga foleni ya sukari na sabuni katika maduka ya ushirika, wanaelewa yanayotokea mgawo unapopunguzwa: aliyejiandaa mapema huendelea kuishi, na asiyejiandaa huumia. Kifuko kimoja, kilichotangulia wenzake kidogo katika kujiwekea milango ya kuipokea homoni hiyo, huweza kuendelea hata kwa mgawo haba. Vingine vyote hudhoofu na kufa. Ndiyo maana binadamu kwa kawaida huzaa mtoto mmoja mmoja. Mara chache viwili hupona, na hapo huweza kupatikana mapacha wasiofanana.

Kuna wanaosema kwamba ovari hupokezana, mwezi huu ya kulia na mwezi ujao ya kushoto, kama walinzi wa zamu. Hakuna zamu ya namna hiyo. Kifuko kilichotangulia ndicho kipatacho, kiwe upande wowote.

Kifuko hicho hukua hadi kufikia kiasi cha sentimita 2, kama zabibu kubwa iliyojaa maji, nacho humwaga estrojeni kwa wingi. Estrojeni hiyo ikikaa juu kwa kiasi cha siku mbili mfululizo, lugha yake kwa ubongo hubadilika. Badala ya kusema "yatosha," sasa husema "iko tayari." Tezi ya pituitari hujibu kwa kumwaga ghafla homoni ya pili, homoni ya kulitoa yai. Hiyo ndiyo amri ya kuamka.

SAA THELATHINI NA SITA

Tangu amri hiyo ianze kutolewa hadi yai litoke katika ovari, hupita kiasi cha saa 36. Katika saa hizo hufanyika kazi iliyokuwa imesimama kwa miaka yote ile. Walezi hukata mazungumzo yao na yai, na sauti ya kubembeleza hunyamaza. Kuta za kiini cha yai huyeyuka. Kromosomu zilizoshikana huvutwa, zikaachana, nusu huku na nusu huku. Yai hujigawa, lakini mgawanyo wake si wa haki hata kidogo: upande mmoja hubaki na karibu akiba yote, na upande wa pili hupewa kromosomu zake na kichembe kidogo tu cha mwili, kisichokuwa na kazi zaidi ya kuzibeba kromosomu zilizoondolewa. Yai haliwezi kuigawa akiba iliyokusanywa kwa miezi. Kisha huanza mgawanyo wa pili, na kwa mara nyingine tena husimama katikati. Halitaumaliza mpaka liguswe na mbegu.

Tumezipataje habari za saa hizi? Hapa inafaa tumtaje Robert Edwards, mtaalamu wa Uingereza aliyeanza kwa kuchunguza panya na baadaye akayageukia mayai ya binadamu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Gregory Pincus alikuwa ameeleza kwamba yai likitolewa katika kifuko chake na kuwekwa katika majimaji ya maabara huanza lenyewe kupevuka, na kwamba kwa binadamu, kama kwa sungura, saa 12 zatosha. Edwards alipewa vipande vya ovari na Molly Rose, daktari wa wanawake mjini London, vilivyotolewa kwa wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu za matibabu. Akayaweka mayai katika majimaji, akangoja saa 12. Hakuona kitu. Akarudia tena na tena, mayai yakiwa haba na kuonekana yamelala tu.

Mwishowe aliamua kungoja zaidi. Saa zilipopita 24 ndipo alipoziona kromosomu zikianza kazi yake, na hadi kazi ile ifike mahali pake pa kusimama zilihitajika kiasi cha saa 36 au 37. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1965. Msomaji aweza kuuliza, kuna tofauti gani kati ya saa 12 na saa 37? Tofauti ni kwamba aliyehesabu 12 alikuwa akijaribu kuliunganisha na mbegu yai ambalo bado limelala, na yai lililolala halizai.

Mwaka 1969 Edwards, pamoja na Barry Bavister na daktari Patrick Steptoe, walitangaza kwamba wameweza kulirutubisha yai la binadamu nje ya mwili. Ikafuata miaka ya kushindwa. Walijaribu kuwapa akina mama dawa za kukuza mayai mengi kwa pamoja, lakini mimba hazikudumu. Ndipo wakaamua, wao pamoja na msaidizi wao Jean Purdy, kurudi kwenye mwendo wa asili: yai moja tu, lile ambalo mwili wenyewe umelichagua. Kwa mama aitwaye Lesley Brown, ambaye mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba, waliupima mkojo mara kwa mara ili kuikamata ile saa amri ya homoni ilipoanza, wakahesabu saa, wakalichukua yai hilo moja kabla halijatoka. Hiyo ilikuwa Novemba 1977. Tarehe 25 Julai 1978, mjini Oldham, alizaliwa binti yake, Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo. Mwaka 2006 Louise naye alijifungua mtoto wa kiume, mimba yake ikiwa imetungwa kwa njia ya kawaida. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Purdy alikuwa amefariki mwaka 1985 na Steptoe mwaka 1988, na tuzo hiyo hawapewi marehemu.

Leo watoto wa namna hiyo duniani ni mamilioni. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zina vituo vitoavyo huduma hiyo, ingawa gharama yake bado ni mzigo mkubwa kwa mfanyakazi wa mshahara. Dawa za kukuza mayai mengi zilirudi na sasa hufaulu, na sindano ya kuyaamsha hudungwa kwa kuangalia saa, kwa sababu ya hesabu ile ile iliyopatikana mwaka 1965.

SIKU CHACHE ZA NAFASI

Kifuko kinapopasuka, yai hutoka likiwa limevikwa wingu la walezi wake. Baadhi ya akina mama huhisi maumivu madogo upande mmoja wa tumbo. Wengi hawahisi kitu. Mdomo wa mrija wa uzazi, wenye vijidole kama maua ya baharini, hulipapasa na kulipokea. Hapo yai lina saa 12 hadi 24 tu za uhai kama halikukutana na mbegu.

Mbegu za mwanamume huvumilia zaidi. Zikiingia wakati ute wa shingo ya mfuko wa uzazi ni mwepesi na wenye kuteleza, kama ute wa yai bichi la kuku, huweza kuishi hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba katika mwezi mmoja ni kama 6 hivi: siku yai litokayo na siku tano zilizotangulia.

Kosa la hesabu hufanyika hapa. Watu husema yai hutoka siku ya 14, wakihesabu tangu hedhi ianze. Kauli hiyo ni kweli kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Kipindi kisichobadilika sana ni kile cha baada ya yai kutoka, yaani kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi ifuatayo. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Wa siku 24, karibu na siku ya 10. Tena homa, msiba, kazi za usiku au safari ndefu huweza kuchelewesha kutoka kwa yai katika mwezi ambao mtu hakutazamia. Ndiyo sababu wategemeao kalenda peke yake kuzuia mimba hushtukizwa, na watafutao mimba kwa kalenda ya jirani hukosa.

Na vidonge je? Uvumi kwamba vidonge vya kupanga uzazi "huchoma mayai" umeenea sana mijini, nao hauna msingi. Vidonge huzuia zile amri za tezi ya pituitari, na kwa hiyo yai halipewi amri ya kutoka. Haviyaongezi mayai wala haviyamalizi. Kule kunyauka kwa kawaida huendelea kama kawaida. Aliyeacha vidonge, kwa wengi, hurudi katika mzunguko wake mapema. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha zaidi, na mimba huweza kukawia kwa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, hata kupita nusu mwaka. Hilo ni vyema mwanamke aelezwe kabla ya kudungwa, asije akadhani ameharibiwa kizazi.

UMRI, NA LAWAMA

Turudi sasa kwenye zile kromosomu zilizolala zikiwa zimeshikana. Kinachozishikanisha ni protini, kama pete ndogo, zilizowekwa msichana akiwa bado tumboni mwa mama yake, na kwa kadiri ijulikanavyo hazibadilishwi kwa mpya. Pete iliyoshika kwa miaka 20 bado ni imara. Iliyoshika kwa miaka 40 imelegea. Amri ya kuamka ikija, kromosomu huweza kuachana kabla ya wakati au kukataa kuachana, na yai likabaki na moja zaidi au moja pungufu. Mayai mengi ya namna hiyo hayashiki mimba kabisa. Yakishika, mimba nyingi huharibika mapema. Kiasi cha nusu ya mimba ziharibikazo katika miezi mitatu ya mwanzo zina hitilafu ya kromosomu. Chache hudumu, na mtoto akazaliwa, kwa mfano, na kromosomu tatu za namba 21, hali iitwayo Down. Kwa mama wa miaka 20 hutokea takriban mara moja katika watoto 1,500. Kwa mama wa miaka 40, takriban mara moja katika watoto 100.

Haya yasemwe kwa uangalifu. Msomaji asije akayachukua kuwa fimbo ya kuwapigia wanawake waliosoma au waliochelewa kuolewa. Wanawake wengi wa miaka 38 na 40 huzaa watoto wenye afya. Lakini ni haki ya mwanamke kujua kwamba nafasi hupungua, hasa baada ya miaka 35, ili apange maisha yake akijua. Na mimba iliyoharibika katika wiki ya nane kwa hitilafu ya kromosomu haikuharibiwa na ndoo ya maji aliyoinua, wala na jicho la wifi.

Ama kuhusu lawama, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita wenye umri wa kuzaa hupatwa na ugumba wakati fulani katika maisha yake. Kati ya wanandoa wanaokosa mtoto, karibu nusu hukutwa tatizo limo kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Mwanamume mwenye nguvu za kiume huweza kabisa kukosa mbegu; hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kupima mbegu zake ni kazi rahisi na nafuu kuliko vipimo vyote vya mwanamke, nami nashindwa kuelewa kwa nini aghalabu ndicho kipimo kinachofanywa mwisho, baada ya mke kuchomwa sindano na kupigwa picha kwa miaka mitatu.

Kwa upande wa wanawake, katika nchi za Afrika sababu kubwa mara nyingi si yai hata kidogo, bali ni njia. Kisonono na klamidia visipotibiwa, au maambukizo baada ya kujifungua au kutoa mimba pasipo usalama, huacha makovu katika mirija. Yai hupevuka vizuri kila mwezi na kukuta mlango umefungwa. Wengine mirija yao ni mizima, lakini vifuko hukwama njiani na amri ya kuamka haiji, na dalili yake aghalabu ni hedhi ya kurukaruka. Wengi wa hawa husaidika kwa vidonge tu. Wataalamu hushauri wanandoa waende hospitali pamoja baada ya mwaka mmoja wa kutafuta mtoto bila ya mafanikio, na baada ya miezi sita iwapo mke amevuka miaka 35. Na lile swali la nani "aliyeleta" mtoto wa kike: mayai yote hubeba kromosomu ya aina moja ya jinsia, ile iitwayo X. Mbegu ndiyo huja na X au Y. Kwa hiyo ikiwa lazima mtu aulizwe, aulizwe baba.

Lakini tumeliacha yai letu ndani ya mrija, likingoja, na kazi yake ya pili haijaisha. Tulimalizie.

Kati ya mamilioni kwa mamilioni ya mbegu zilizoanza safari, zinazofika karibu na yai ni mamia tu. Hupenya lile wingu la walezi, hufika kwenye ganda, na moja hupita na kuungana na yai. Papo hapo mawimbi ya kalsiamu hupita ndani ya yai kutoka upande hadi upande. Vijifuko vilivyopangwa chini ya ngozi yake hupasuka na kulifanya ganda kuwa gumu, mbegu nyingine zisiingie. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tumboni mwa bibi, yai humaliza kupevuka: hukamilisha mgawanyo wa pili, hutupa nje kichembe kingine kidogo, na kubaki na kromosomu 23 kamili.

Saa chache baadaye hadubini huweza kuonyesha viini viwili vikikaribiana, cha mama na cha baba. Kesho yake chembe hugawanyika mbili, kisha nne, kisha nane, ikisukumwa polepole mrijani. Kiasi cha siku ya tano au ya sita huwa imekwisha fika katika mfuko wa uzazi na kuanza kutafuta mahali pa kujishikiza. Mama mwenyewe siku hiyo yuko kazini au sokoni, na hedhi anayoitazamia bado iko mbele kwa zaidi ya wiki moja.